Kupaka chembe za fedha kwenye chungu cha kuchujia maji

Chungu cha kuchujia maji huua bakteria kwa msaada wa chembe nano za fedha, yaani vipande vidogo mno vya madini hayo, lakini fedha siyo inayofanya kazi kubwa. Kazi kubwa ni ya udongo: vitundu vilivyoachwa na pumba zilizoungua hunasa tope na bakteria wengi. Fedha inawamaliza walionasa ndani ya ukuta wa chungu wasije wakazaliana humo. Kikundi cha kusini mwa Tanzania, kama Newala, Masasi au Nachingwea, kinachotaka kuanza kazi hii kihangaikie kwanza udongo na tanuri. Chungu chenye ufa hakiponywi na fedha, hata ukikipaka mara tatu.

Chembe nano ina upana wa nanomita 1 hadi 100, na bakteria wengi wana urefu wa nanomita 1,000 au zaidi. Zikikutana na maji, chembe hizo hutoa polepole ioni za fedha, yaani atomu za fedha zenye chaji ya umeme. Ioni hushika protini za bakteria, huharibu utando wake na kuvuruga kugawanyika kwake. Udogo wa chembe ndio unaosaidia, maana fedha ile ile ikisagwa ndogo zaidi hupata eneo kubwa la kugusana na maji.

Kwa mchanganyiko wa udongo, anzeni na kilo 30 za udongo mkavu uliotwangwa na kuchekechwa, kilo 9 hadi 10 za pumba za mpunga zilizosagwa, na maji lita 12 hadi 14. Hivyo ni vipimo vya kuanzia tu. Udongo wa bonde moja haulingani na wa bonde la pili, hata kama wafinyanzi wa vyungu vya kupikia wanausifu wote. Pumba zipite kwenye chekeche lenye matundu ya milimita moja au madogo zaidi. Zikiwa za saizi mchanganyiko, vyungu vya siku moja vitachuja kwa kasi tofauti. Unga wa mbao unafaa pia, ila uwe wa aina moja ya mti. Maganda ya korosho yanapatikana bure, lakini yaacheni: mafuta yake huunguza ngozi, kama wanavyojua waliobangua kwa mikono, na moshi wake unawasha macho na koo.

Changanyeni pumba na udongo vikiwa vikavu kwa dakika kumi kabla ya kutia maji. Bonge la kilo saba au nane hukandamizwa kwenye kalibu kwa jeki ya lori, na mfuko wa nailoni unatangulizwa ili udongo usigande. Kufinyanga kwa mkono hakufai hapa, kwa sababu unene wa ukuta lazima uwe sawa pande zote.

Vyungu vikauke kivulini wiki mbili, na pwani wakati wa mvua vitahitaji zaidi. Kuchoma kwa kuni zilizorundikwa juu ya ardhi wazi, kama inavyofanyika kwa vyungu vya kawaida, huacha upande mmoja mbichi na mwingine umeungua kupita kiasi. Jengeni tanuri la matofali. Shikilieni joto karibu nyuzi 100 kwa saa mbili ili unyevu utoke, kisha pandisheni taratibu hadi nyuzi 830 hadi 870 za Selsiasi. Tanuri lisifunguliwe hadi kesho yake. Kwenye kila mchomo pasueni chungu kimoja: kiini cheusi maana yake pumba hazikuungua zote.

Kabla ya fedha kuna vipimo viwili ambavyo havirukwi. Gonga chungu kwa kifundo cha kidole; sauti ya kuziba ni dalili ya ufa. Halafu kiloweke usiku kucha, kijaze hadi ukingoni, na upime maji yanayodondoka kwa saa moja. Lita 1 hadi 2.5 ni sawa. Kinachozidi hapo kivunjwe siku hiyo hiyo, kisije kikauzwa kwa bei ya chini kwa mtu asiyejua. Kinachopungua lita moja kitachosha familia, nayo itarudi kuchota moja kwa moja kwenye ndoo. Marekebisho hufanywa kwenye mchanganyiko unaofuata: ongezeni au punguzeni nusu kilo ya pumba, basi.

Sasa fedha. Nunueni mchanganyiko wa chembe za fedha kwa muuza vifaa vya maabara anayetoa cheti kinachoonyesha asilimia ya fedha. Msitengeneze wenyewe kwa nyaya na betri, wala kwa kuyeyusha mkufu kwenye tindikali: hamtajua mmepata kiasi gani.

Kila chungu cha lita 8 hadi 10 kinahitaji takriban miligramu 64 za fedha ndani ya mililita 300 za maji. Chupa ikiwa ya asilimia 3.2, hiyo ni mililita 2, zipimwe kwa sirinji. Ikiwa ya asilimia 1, ni mililita 6.4. Kwa unga wenye fedha asilimia 70, vyungu kumi vinahitaji gramu 0.91 kwenye lita 3, na hapo mizani ya sonara ndiyo inayofaa, kwani ya dukani haioni uzito huo.

Maji ya kuchanganyia ndiyo yanayoharibu kazi mara nyingi. Maji ya visima vya pwani, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, mara nyingi yana chumvi, na kloridi iliyomo hushikana na ioni za fedha na kuzifanya kloridi ya fedha, isiyoyeyuka vizuri. Maji ya bomba yenye klorini nayo hayafai. Tumieni maji ya mvua yaliyochujwa, ambayo kaya nyingi za Newala na Tandahimba tayari zinayakinga kutoka mabatini hadi kwenye visima vya saruji. Changanyeni kwenye chombo cha plastiki. Mchanganyiko ukigeuka kijivu au kuweka mashapo, mwageni na muanze upya.

Chungu kiwe kikavu kabisa, kwani chenye unyevu hakinyonyi. Vaa glovu, tumia brashi laini, paka mililita 200 ndani na 100 nje bila kuruka chini ya kitako. Chombo cha kupimia kikibaki na mchanganyiko, rudia hadi uishe. Acha kikauke siku nzima kivulini.

Nyumbani chungu huning'inia kwenye ndoo safi ya lita 20 yenye koki na mfuniko. Ndoo iliyowahi kubeba viuatilifu vya mikorosho isiguswe hata ikioshwa. Maji ya kujaza mara tatu za mwanzo yamwagwe, kwa sababu yanabeba fedha ya ziada. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 0.1 kwa lita. Na wale wanaouza maji ya fedha kuwa dawa ya kunywa wasisikilizwe: fedha nyingi mwilini huifanya ngozi iwe ya bluu-kijivu, na rangi hiyo haitoki.

Maji ya tope, kama ya mto Lukuledi wakati wa masika, yatulizwe usiku kucha na yapite kwenye kitambaa kabla ya kumiminwa. Usijaze hadi yafurike, maana yatapita kando ya ukingo na kuanguka kwenye maji safi. Usitie dawa ya klorini ndani ya chungu, itaondoa fedha. Wakati wa kipindupindu iweke kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa. Tena chungu ni dhaifu mbele ya virusi. Chumvi iliyoyeyuka haizuiliwi hata kidogo.

Kikianza kuchuja polepole, sugua ndani kwa brashi laini na maji yaliyochujwa, bila sabuni. Sabuni ni ya ndoo na koki, ambako bakteria hurudi kwa mikono ya watu. Wakati wa kuosha, chungu kiwekwe juu ya mfuniko safi.

Kwa uhakika, chupa ya kupima sulfidi ya haidrojeni, gesi inayodokeza kuwepo kwa bakteria wa kinyesi, ni rahisi: jaza maji, iache sehemu yenye joto la nyuzi 30 hivi, na usome baada ya saa 24 na 48. Ikigeuka nyeusi, osha ndoo na koki kwa maji ya moto, pima tena maji yanayodondoka moja kwa moja kutoka kwenye chungu, na kama bado ni nyeusi, badilisha chungu.