Bomba la majitaka ndani ya kiwanja ni lako: namna ya kulitunza

Kwa nyumba za Dar es Salaam zilizounganishwa na mtandao wa majitaka wa DAWASA (mamlaka ya maji ya jiji), bomba kuu la mtaani ni la mamlaka. Linalotoka chooni na jikoni likapita kwenye chemba (mashimo yenye mifuniko ya kukagulia bomba) za uani kwako ni mzigo wako, hata kama bili unalipa kila mwezi.

Kwanza zitambue chemba zako. Fuata njia ya bomba hadi ukutani. Penye kona au maungio panatakiwa chemba. Kama mfuniko umefunikwa na zege au pevingi, ufukue mapema, maana choo kikiziba usiku hutakuwa na pa kuanzia.

Kila baada ya miezi michache fungua mifuniko, mtu avute maji chooni, nawe utazame. Maji yapite upesi bila kuacha kitu. Yakisuasua, kuna mafuta yaliyoganda, mchanga au mizizi.

Bomba likiziba, anza nyumbani kuelekea mtaani, tafuta chemba ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo tupu: kizuizi kiko kati yao. Mimi hupenda kuingiza fimbo za kuzibulia (vipande virefu vinavyoungwa kwa skrubu) kutokea ile tupu, kwa kuwa mdomo wa bomba unauona. Simama pembeni, maji yatakuja kwa kishindo. Zungusha fimbo kulia tu. Ukizungusha kushoto zinafunguka na kipande kinabaki ndani. Vaa glavu na buti. Na tafadhali, usishuke wala usimshushe kijana kwenye chemba yenye kina: gesi ya majitaka huua, na anayemfuata kumwokoa naye hufa.

Ukibadilisha bomba la inchi 4, mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita unatosha vizuri.

Mafuta ya kukaangia yatie kwenye chupa, pedi na nepi kwenye pipa la taka. Kinachoniuma zaidi ni mabomba ya paa kuelekezwa kwenye chemba. Mtandao huu haukujengwa kubeba maji ya masika; ukizidiwa, kinyesi hufumuka ndani ya nyumba ya jirani aliye bondeni. Ng'oa maungio hayo kabla ya Machi.

Kabla ya kumlipa fundi, chungulia mtaani. Chemba ya barabarani ikiwa imefurika, usihangaike na fimbo: toa taarifa DAWASA, waje wazibue upande wao.