Kununua matoi ya watoto Dar kwa hela ndogo: ninavyofanya mimi

Wifi yangu wa Mbagala alinipigia simu wiki iliyopita. Mwanawe anatimiza miaka minne, mkononi ana elfu ishirini na tano, na gari moja tu la betri aliloliona dukani lilikuwa linaimaliza hela yote. Tulitoka naye Jumanne asubuhi. Tukarudi na gari la betri, mdoli wa kitambaa, mfuko wa matofali ya plastiki na mpira, na nauli ya kurudi ikawemo humohumo. Ameniomba nimwandikie tulivyofanya, nami nawaandikia wazazi wote.

Hatua ya 1: Mtazame mtoto kwanza

Usimuulize anataka nini, atakutajia alichokiona kwenye TV. Mtazame siku mbili. Anayeburuta kopo kwa kamba anataka kitu cha kuvuta, na anayepanga vifuniko vya soda anataka vitu vya kupanga.

Hatua ya 2: Chagua siku

Jumanne hadi Alhamisi, asubuhi. Ukiwa mteja wa kwanza, muuzaji anakupa bei ya kufungulia. Wiki ya mwisho kabla ya Idd au Krismasi usiende kabisa: bei iko juu na hakuna mwenye nafasi ya kukuachia ufungue boksi. Vya Idd mimi nanunua mwezi wa Shaabani, vya Krismasi nanunua mwezi wa kumi.

Hatua ya 3: Kariakoo kwa vipya, Karume kwa mitumba

Kariakoo naenda kwa vitu visivyo na mashine ndani: mipira, kamba za kuruka, vyombo vya kupikia vya watoto, magari madogo ya kusukuma. Ingia dukani mwenyewe. Winga, yaani dalali wa kuvutia wateja, akikushika mkono akakupeleka, cha juu chake kimo kwenye bei utakayotajiwa. Uliza bei ya jumla inaanzia pisi ngapi, maana maduka mengi yanahesabu jumla kuanzia pisi chache tu, si lazima dazeni. Sisi majirani watatu huwa tunachanga, mmoja anakwenda, tunagawana.

Kitu chenye betri au mota nanunua cha mtumba, Karume pale Ilala, na hapo sibadilishi msimamo. Gari jipya la bei ya chini mara nyingi gia zake ni plastiki laini, linakufa kabla wiki haijaisha. La mtumba lenye uzito mkononi limeshachezewa na mtoto mwingine na bado linatembea. Vya mtoto mchanga vya kutia mdomoni, hivyo nunua vipya.

Hatua ya 4: Kagua kabla ya kutoa hela

Hapa ndipo hela inapopotea. Mwaka juzi nilimnunulia binti yangu kinanda cha mtumba. Muuzaji akasema kinataka betri tu. Nyumbani nikatia betri, kimya. Nikarudi dukani kununua nyingine, kimya vilevile. Nilikaa nacho mpaka saa sita usiku, mtoto amelala akisubiri. Tatizo lilikuwa springi ya kwenye kijumba cha betri: ilikuwa imefunikwa na ukoko mweupe wenye ukijani, umeme haupiti.

Tangu siku ile natembea na bisibisi ndogo ya nyota, betri nne mpya (mbili za saa ya ukutani, mbili za remoti) na kitambaa. Fungua kijumba palepale, mbele ya muuzaji. Muuzaji mwaminifu hakasiriki. Akikukataza, rudisha kitu mezani uendelee na safari.

Ukiona ukoko, usikimbie, hapo ndipo penye punguzo. Mwonyeshe, taja nusu ya bei. Ila chokoa kwanza kwa ncha ya bisibisi. Ukoko ukibanduka na chuma chini kinang'aa, kinapona. Chuma kikikatika au kikimomonyoka, achana nacho.

Nyumbani chovya pamba ya masikioni kwenye siki au maji ya limau, paka kwenye ukoko. Utaona povu. Futa, rudia mpaka ukoko uishe, pitisha kitambaa chenye maji kidogo, halafu sugua kwa msasa laini. Acha pakauke kabisa, mimi napaacha usiku kucha, ndipo utie betri. Usikimwagie siki wala usikiloweke, ikiingia kwenye saketi umeua kitu kizima. Usishike ukoko ule halafu ukajifuta macho. Na tafadhali, siki isikutane na jiki kwenye beseni moja: inatoa hewa ya sumu. Waya ukiwa umechomoka, mpelekee fundi redio akupigie lehemu, ni kazi ya dakika tano.

Kikianza kufanya kazi, usichanganye betri mpya na zilizochoka, ndiyo njia ya haraka ya kuzifanya zivuje. Mtoto akikiweka kando wiki nzima, zitoe.

Kuna betri moja ambayo kwangu haina mjadala, ile bapa ya duara kama sarafu. Kama kifuniko chake hakina skrubu, sinunui hata nikipewa bure. Mtoto akiimeza ikanasa kooni inaunguza nyama, na ndani ya saa mbili madhara yanaweza kuwa makubwa. Hospitali papo hapo, hata kama una shaka tu. Usisubiri aitoe kwa haja.

Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, beba lile boksi la duara linalobaki katikati ya karatasi ya chooni. Kinachopita humo, kikiwemo kipande kinachoweza kung'oka, anaweza kukabwa nacho. Macho ya mdoli yavute kwa nguvu. Wifi alivuta, jicho likabaki mkononi mwake, tukachukua mwingine mwenye macho ya kushonwa.

Hatua ya 5: Bei

Kusanya vitu vitatu kwa muuzaji mmoja, ndipo uulize, "Kaka, vyote hivi mwisho wake ngapi?" Usionyeshe kipi umekipenda.

Hatua ya 6: Osha

Matofali yatie kwenye mfuko wa wavu, sabuni ya unga, maji ya uvuguvugu. Mdoli wa kitambaa mfue, umwanike jua kali siku mbili, maana katikati hukawia kukauka.

Hatua ya 7: Ficha nusu

Usimpe vyote siku moja. Wifi amempa mwanawe gari na mpira. Mdoli na matofali viko juu ya kabati mpaka mwezi ujao. Mimi kila baada ya wiki tatu nne nazungusha, na binti yangu anakipokea kinanda kilekile kama kimetoka dukani leo. Maboksi usitupe. Boksi la gari, vijiti viwili na kandambili iliyokatika, ukiikata miduara minne, unapata lori la kuvuta. Toboa katikati ya kila duara kwa msumari wa moto, kazi hiyo ifanye wewe, kuunganisha mwachie mtoto.