Kabla ramani haijapigwa muhuri: kujenga nyumba isiyotafuna umeme Arusha na Moshi

Anayejenga Arusha au Moshi huanza na bei ya nondo, akaja kwenye rangi ya mabati, akamalizia na geti. Umeme hukumbukwa siku fundi wa wayaringi anapouliza soketi zikae wapi. Kufikia hapo uniti nyingi zimeshapangwa bila mwenye nyumba kujua. Zimepangwa na upande nyumba inakotazama, ukubwa wa madirisha ya magharibi, nafasi iliyoachwa kati ya bati na dari, na umbali wa bafu kutoka kwenye tangi la maji moto. Yote hayo yako kwenye ramani, na ramani ikishapata kibali, kuigeuza ni kurudi halmashauri kuomba upya. Kwa hiyo haya ni mambo ya kushughulikia wakati mchoro bado unafutika.

Tuanzie ofisini. Ukipeleka maombi ya kibali cha ujenzi Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 na kanuni zake zinataka kujua kiwanja ni cha matumizi gani, jengo linakula sehemu gani ya kiwanja, na umeacha nafasi kiasi gani kwa jirani na kwa barabara. Watu wa afya wataangalia hewa, mwanga na maji taka. Zimamoto wataangalia njia za kutokea, na kwa ghorofa kuna michoro ya mhandisi. Hoteli kubwa inaguswa pia na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Wayaringi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na vifaa vya ujenzi na vya umeme vina viwango vya TBS.

Ukizisoma kanuni hizo kwa jicho la nishati, nyingi zinakufaa kuliko unavyodhani. Ile nafasi unayolalamikia kumwachia jirani ndiyo njia ya upepo wako, na dirisha analolidai bwana afya ni taa yako ya mchana. Ila usitegemee afisa akae na wewe kupiga hesabu ya uniti za mwaka mzima za nyumba ya vyumba vitatu. Hiyo ni kazi yako na msanifu wako.

Nchi zilizoifanya hesabu hiyo kuwa sheria zilisukumwa zaidi na bei ya nishati. Mafuta yalipanda 1973. Marekani ikapata kiwango cha kwanza cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi na mifumo ya joto, cha nishati katika majengo mwaka 1975, na California ikatoa kanuni zake, Title 24, mwaka 1978. Afrika Kusini ina kiwango cha SANS 10400-XA tangu 2011, kinachotaka angalau nusu ya maji moto ya jengo jipya yapatikane bila koili ya umeme. Huku kwetu Afrika Mashariki, Kenya ilitunga kanuni za maji moto ya jua mwaka 2012, na Rwanda mwaka 2019 iliingiza masharti ya chini ya majengo ya kijani katika kanuni zake za ujenzi. Hakuna kinachomzuia mtu wa Njiro au wa Soweto ya Moshi kuazima yale yanayomfaa.

Kanuni za namna hii huandikwa kwa njia mbili, na ni vizuri ujue unayoifuata. Ya kwanza hutaja kipimo cha kila kitu: paa lizuie joto kiasi hiki, vioo visizidi sehemu hii ya ukuta. Katika ASHRAE 90.1, kwa mfano, anayefuata njia ya vipimo hazidishi vioo zaidi ya asilimia 40 ya ukuta wa nje. Ya pili hutazama jumla: jenga unavyotaka, mradi hesabu ya mwisho ionyeshe jengo linatumia pungufu ya kiasi kilichowekwa. Cheti cha EDGE, ambacho ni cha hiari na kimetoka kwa shirika la IFC la Benki ya Dunia, kinafuata njia hii. Kinadai upunguze angalau asilimia 20 katika nishati, katika maji, na katika mzigo wa kimazingira wa kutengeneza vifaa. Kwa nyumba ya kuishi, fuata vipimo tu. Hesabu ya jumla ina maana kwa mwenye lodji, hosteli au ofisi ya kupangisha, na tangu ujenzi wa uwanja wa AFCON 2027 uanze Olmoti, Arusha, wenye mipango ya lodji si wachache.

Sasa jua, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa ilipo. Miji yote miwili iko digrii tatu na nusu hivi kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, karibu katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Juni linakuwa kaskazini, Desemba kusini, na kote huko halishuki sana. Kwa hiyo dirisha la kaskazini au kusini lenye urefu wa mita moja na nusu linakingwa na paa lililotokeza sentimita 80 tu. Magharibi ni habari nyingine. Saa kumi na moja jioni jua limeinama kiasi kwamba dirisha hilohilo lingehitaji kivuli cha zaidi ya mita 3, na hakuna fundi atakayekutokezea kenchi kiasi hicho. Dawa ni kutoweka dirisha kubwa huko. Weka stoo, choo, ngazi, au baraza pana, na kama kiwanja kinaruhusu, mti.

Watu wa huku tuna bahati ambayo wengi hawaitumii. Mlima Meru uko kaskazini mwa Arusha, na Kilimanjaro iko kaskazini mwa Moshi. Anayetaka sebule itazame mlima anafungua dirisha upande uleule ambao ni rahisi kuukinga na jua. Kinachoharibu ni barabara: kiwanja kikipimwa na barabara ikawa magharibi, mtu anageuza nyumba nzima iangalie barabara ili wapita njia waone nguzo. Mimi ningewageuzia ubavu. Kama bado unatafuta kiwanja, nenda na dira ya simu, usiende na futi peke yake.

Kosa jingine ni kudhani ramani moja inafaa miji yote miwili kwa kuwa ni mwendo wa kilomita 80 tu. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini haifiki 1,000. Nyumba ya Sakina au Ilboru inatafuta joto la usiku wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Ya Pasua, Moshi, inatafuta namna ya kulala Februari. Mwenye nyumba ya Arusha awekeze kwenye dari inayoshika joto, madirisha yanayofunga bila kuacha mwanya, na sebule inayopata jua la asubuhi. Usikubali nyumba ya kukufanya uingize jiko la mkaa chumbani usiku. Hewa yake ya sumu isiyoonekana inaua. Wa Moshi atafute upepo: madirisha mawili yanayotazamana katika kila chumba inapowezekana, baraza, na kuta za nje za rangi ya kung'aa. Usiku hewa baridi huteremka kutoka mlimani, kwa hiyo chumba cha kulala chenye tundu upande wa kaskazini kinaipokea.

Na kama Moshi utafunga kiyoyozi, amua chumba kipi mapema. Yale matundu ya hewa ya kudumu juu ya dirisha ni mazuri kwa afya na kwa upepo, lakini ukiwasha kiyoyozi na matundu yako wazi unapoza mtaa. Chumba hicho kiwe na matundu yanayofungika. Majengo ya vioo vitupu siyasemi sana; yanapendeza kwenye picha, na saa nane mchana kila mtu ndani anagombania rimoti.

Paa. Kwenye nyumba ya chini, jua la ikweta linapiga paa kuliko ukuta wowote. Watu hubishana kuhusu geji, 28 au 30, wakidhani bati nene lina ubaridi. Unene wa bati ni habari ya kudumu na kuhimili upepo. Joto linaamuliwa na rangi, na kilichopo chini yake. Bati jeupe au la kijivu cha kung'aa linarudisha jua nyingi, jeusi na lile la kahawia iliyokolea linaimeza. Chini yake unaweza kutandaza karatasi ya fedha inayoakisi joto, kwa sharti moja ambalo mafundi hulisahau: lazima kuwe na nafasi ya hewa upande unaong'aa, angalau sentimita mbili na nusu. Ukiibana kati ya papi na bati bila nafasi, umenunua mapambo. Juu ya dari, sufi ya kioo (fibaglasi) inafaa Arusha kwa baridi na Moshi kwa joto. Acha matundu kwenye pembe za paa ili hewa ya moto itoke, na uyawekee wavu, la sivyo popo watahamia kabla yako.

Maji ya kuoga ni mzigo mkubwa wa umeme, hasa Arusha, na hesabu yake ni nyepesi. Kupandisha lita 100 za maji kwa digrii 20 kunahitaji uniti 2.3 hivi. Chukua lodji ya vyumba kumi yenye wageni ishirini, kila mmoja akioga lita 40: ni lita 800, yaani karibu uniti 18.6 kwa siku. Kwa bei ya T1, kundi la matumizi ya kawaida, ya shilingi 292 kwa uniti iliyopangwa mwaka 2016, hiyo ni zaidi ya shilingi 5,400 kila siku, kama 163,000 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo na kabla ya joto linalopotea kwenye mabomba. Si ajabu kanuni za Afrika Kusini na Kenya ziligusa maji moto.

Hita ya jua inadai maandalizi matatu kwenye ramani. Uzito kwanza: tangi la lita 200 likijaa ni zaidi ya kilo 200, hivyo mhandisi au fundi wa kenchi ajue litakaa wapi kabla ya kukata mbao. Pili ni uelekeo. Miezi ya baridi, ambayo ndiyo ya kuhitaji maji moto, jua liko kaskazini, basi paneli iinamie kaskazini digrii 15 hadi 20, hata kama mwaka mzima kwa wastani ingetosha kulala karibu bapa. Tatu ni umbali. Bafu zipangwe karibu karibu, na bomba la maji moto livishwe. Bafu likiwa mwisho wa korido, mgeni anamwaga ndoo nzima ya maji baridi akisubiri moto. Kwa kuwa asubuhi za Julai Arusha hufunikwa na mawingu, acha koili ya akiba yenye swichi ya saa. Usiahidi wageni jua peke yake.

Jikoni pitia haraka lakini usipite bila kupima. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilishapewa katazo la kuni na mkaa. Kwa nyumba, hii maana yake ni sehemu salama ya mtungi wa gesi nje ya jiko, na waya mnene wa kutosha kwa jiko la umeme hata kama leo huna mpango nalo. Taa za LED hazihitaji maelezo: ya wati 9 inafanya kazi ya globu ya zamani ya wati 60.

Kuhusu watu wa kazi: hakikisha kila mmoja amesajiliwa kwenye bodi ya taaluma yake: msanifu AQRB, mhandisi ERB, mkandarasi CRB. Ramani za kunakili kutoka kwenye simu ni za bei rahisi kwa sababu hazijui kaskazini ya kiwanja chako iko wapi. Mwambie msanifu aandike mambo ya nishati kwenye mchoro wenyewe, kisha mkadiriaji ayaingize kwenye BOQ, ile orodha ya vifaa, kazi na gharama, kila moja na mstari wake. Sufi ya dari iliyotajwa kwa mdomo ndiyo inayokatwa kwanza fedha zikianza kupungua.

Wengi wetu tunajenga kwa awamu, mwaka huu msingi, mwakani linta, kwa hiyo tenga yasiyosubiri na yanayosubiri. Uelekeo, ukubwa na mahali pa madirisha, upana wa paa linalotokeza, nguvu ya kenchi, na mabomba ya ndani ya ukuta havisubiri. Paneli za sola, hita, feni na kiyoyozi vinaweza kuja miaka mitatu baadaye, mradi umepitisha bomba tupu la waya kutoka paani hadi kwenye mita, na bomba la maji kutoka kwenye nafasi ya tangi hadi bafuni. Bomba hizo mbili ni gharama ndogo wakati ukuta haujapigwa plasta. Kabla fundi hajaanza plasta, piga picha kila ukuta ukiwa na futi imeegemezwa pembeni, ili atakayekuja kufunga hita ajue pa kutoboa.