Kiongozi Alitudanganya Tukaingia Vitani? Namna ya Kusimamia Mjadala Huu Kijiweni

Nauza magazeti hapa Nakuru. Meza yangu ina wateja wa aina mbili: wanaonunua, na wanaosoma vichwa vya habari wamesimama kisha wakabishana hadi saa sita. Hawa wa pili hawaniletei hata shilingi, lakini wananiita Mama Gazeti na wamenifanya refa wao. Mada inayowachemsha kuliko zote, zaidi hata ya bei ya unga, ni kama wakubwa walisema kweli walipopeleka watoto wa watu vitani. Ikiachwa ijiendee yenyewe, watu hushikana mashati. Basi nakueleza ninavyoiendesha, nawe ukitaka kuifanya kwako ujue pa kushika.

Anza kwa kukataa maneno mapana. Anayesema "vita vyote ni uongo" mwambie achague vita vimoja, na ndani yake achague kauli moja iliyotamkwa na mtu fulani, siku fulani. "Bush aliongopa kuhusu Iraq" haishikiki. Inayoshikika ni hii: Septemba 2002, serikali ya Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza, ilitoa waraka uliosema Saddam Hussein angeweza kuwa na silaha za sumu tayari kwa matumizi ndani ya dakika 45. Hapo kuna nani, lini na nini. Iandike kauli hiyo kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, uibandike ukutani. Msemaji akianza kutangatanga, nyoosha kidole tu kwenye karatasi.

Kisha kila anayetaka nafasi aseme kwanza anamshtaki kiongozi kwa lipi. Nimewapa mashtaka manne, wachague moja. Alikosea akiamini anasema kweli. Alikuwa na shaka, akatangaza hana shaka. Alijua si kweli, akasema hivyo hivyo. Au alilosema lilikuwa kweli, ila si hilo lililompeleka vitani.

Wengi hukimbilia la tatu kwa kuwa ndilo tamu, na ndilo gumu kuliko yote kuthibitisha, maana inabidi uingie kichwani mwa mtu. La pili lina ushahidi wa karatasi. Machi 2002 wakuu wa ujasusi wa Uingereza waliandika kwamba taarifa zao kuhusu silaha za Iraq zilikuwa za hapa na pale. Septemba, Blair akaandika katika dibaji ya ule waraka kwamba imethibitika bila shaka kuwa Saddam anaendelea kutengeneza silaha za kemikali na za kibiolojia. Ndivyo afanyavyo muuza makaa anayepanga vipande vinono mdomoni mwa gunia: makaa ni makaa, ila chini kuna vumbi. Tena zile dakika 45 zilihusu silaha za kutumia kwenye uwanja wa mapigano, si makombora ya masafa marefu, na waraka haukulifafanua hilo. Machi 18, 2003 wabunge wa Uingereza wakaidhinisha vita kwa kura 412 dhidi ya 149.

Hapa refa uwe macho, kwa sababu pande zote mbili zitakuletea ripoti ya Chilcot ya Julai 6, 2016, ile ya tume ya Uingereza iliyochunguza vita vya Iraq. Mmoja atasema ripoti ilimwita Blair mwongo, haikumwita. Mwingine atasema ilimsafisha, haikumsafisha. Ilichosema ni kwamba tathmini za hatari ya silaha hizo zilitolewa kwa uhakika ambao haukustahili. Anayeing'ang'ania ripoti na hajui ilisema nini, mnyang'anye nafasi hadi zamu ijayo.

Iraq ni ya kupasha misuli. Yetu wenyewe ni Oktoba 2011, Kenya ilipoingia Somalia, na hapo ndipo mimi hutumia muda mwingi.

Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika tuliyoambiwa. Septemba 11, watekaji walivamia Kiwayu, wakamuua Mwingereza na kumchukua mkewe. Oktoba 1, mwanamke Mfaransa alitekwa kisiwani Manda. Oktoba 13, Wahispania wawili wa shirika la madaktari walitekwa Dadaab. Oktoba 15, mawaziri George Saitoti na Yusuf Haji walitangaza kwamba Kenya ina haki ya kujilinda na itawafuata wapiganaji wa Al-Shabaab huko huko Somalia. Kesho yake majeshi yakavuka mpaka. Operesheni ikaitwa Linda Nchi.

Kulia andika yaliyokuwa yakiendelea pembeni. Januari 30, 2010 mjini Addis Ababa, Moses Wetang'ula, wakati huo waziri wa mambo ya nje, alimshawishi Johnnie Carson, mkuu wa masuala ya Afrika katika wizara ya mambo ya nje ya Marekani, aunge mkono mpango wa Kenya kuhusu Jubaland, eneo la kusini mwa Somalia linalopakana nasi, na Carson hakuonyesha kuupenda. Tunalijua hilo kwa sababu nyaraka za siri za mabalozi wa Marekani zilivuja. Halafu mwishoni mwa Oktoba 2011, msemaji wa serikali Alfred Mutua aliwaambia waandishi wa habari kwamba operesheni kubwa namna ile haipangwi kwa wiki moja, na kwamba ule utekaji ulikuwa kama pa kuanzia tu.

Soma kushoto kwa sauti, kisha kulia, kisha nyamaza. Usitoe maoni yako. Mimi yangu ninayo: hilo ni shtaka la nne. Utekaji ulikuwa kweli, watu waliteseka kweli, lakini safari ilikuwa imeshafungashwa. Hata hivyo lazima upande wa pili upate msemaji hodari, tena umchague wewe mwenyewe kwa sababu akijitokeza mropokaji mjadala umekufa. Hoja yake nzuri ni kwamba mpango si uamuzi. Jeshi lisilo na mipango mezani ni jeshi la gwaride, na huenda bila Kiwayu na Dadaab mpango ule ungebaki kwenye droo. Hoja hiyo ina uzito, na sijaona aliyeivunja moja kwa moja.

Kuna jambo moja linalourahisisha mjadala wa 2011. Kibaki alikuwa rais na Raila, mpinzani wake, waziri mkuu katika serikali hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna wa kusema "hao ni wenu". Bahati kama hiyo haitokei sana nchi hii. Ila ukiwa Bungoma au Kimilili, kwao Wetang'ula, lifunike jina lake kwa kipande cha karatasi mpaka watu wamalize kupima tarehe.

Wazee watakuletea Nyerere, nawe mkaribishe. Novemba 1978, Amin alipoitwaa Kagera, Mwalimu alitaja mambo matatu ya kumpiga: uwezo, sababu na nia. Yageuze kuwa maswali. Sababu ya Tanzania ilionekana kwenye ramani. Lakini Aprili 1979 majeshi yalikuwa Kampala. Je, nia ilibadilika lini, na wananchi waliambiwa lini? Liulize swali hilo hilo kwa KDF, jeshi letu la Kenya, waliotoka kuwasaka watekaji wakafika Kismayo Septemba 2012. Kiongozi anaweza kubadili lengo kwa haki kabisa. Swali ni kama alirudi kutuambia.

Sasa la adabu. Nakuru tuna kambi ya Lanet, na Gilgil si mbali. Kati ya wanaosikiliza kimya kuna mama wa mwanajeshi, na hatajitambulisha. Marufuku kusema "walikufa bure". Marufuku pia kutaja idadi ya wanajeshi wetu waliouawa Al-Shabaab walipovamia kambi ya El Adde, Somalia, Januari 15, 2016 kana kwamba unaijua, kwa kuwa serikali yetu haikuitangaza. Rais wa Somalia wa wakati huo ndiye aliyesema ni kati ya 180 na 200. Ukitaka kuuliza kwa nini haikutangazwa, uliza, na uulize kwa sauti ya kawaida.

Mtu atasema, "Mama Gazeti, hizo ni siri za usalama." Mjibu kwa sheria. Kifungu cha 95 cha Katiba kinataka Bunge la Taifa liidhinishe tangazo la vita. Mwaka 2011 wabunge waliidhinisha mwezi Desemba wanajeshi wetu waingie AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, nao walikuwa ndani ya Somalia tangu Oktoba. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Ndiyo, usalama wa taifa ni sababu halali ya kunyimwa, lakini wakukatalie kwa maandishi na wataje sababu.

Usimalize kwa kupiga kura. Kura huzawadia mwenye rafiki wengi. Badala yake kila msemaji ataje karatasi moja ambayo akiiona atabadili msimamo: kumbukumbu za baraza la mawaziri, labda, au barua ya jeshi. Ile inayotajwa na wengi, iombeni kwa barua siku hiyo hiyo kwenye ofisi inayoihifadhi, swali moja tu, tarehe juu, majina ya watatu chini, mtu aipeleke akagongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala. Mkijibiwa kwamba ni siri, jibu hilo nalo libandikwe safu ya kulia pamoja na tarehe yake, na mjadala unaofuata uanzie hapo.