Jinsi ya kusoma METAR na TAF na kunasa ATIS bila kubabaika

Juzi nimekaa na mwanafunzi wa urubani anayejiandaa na mtihani wa hali ya hewa. METAR (ripoti ya hali ya hewa ilivyo kiwanjani sasa) alikuwa anazisoma vizuri tu, ila TAF (utabiri wa kiwanja kwa saa zijazo) ikawa inamgonga kila swali, na nilivyomfuatilia nikaona shida yake ni ileile ya wengi: anajua maana ya kila kifupisho lakini hajui kipi kinatumika saa ngapi. Kwa hiyo TAF nimeipa nafasi kubwa, mengine nitapita haraka.

Chukua karatasi na penseli. Zile programu za simu zinazokutafsiria ripoti kuwa sentensi na kukupaka kiwanja rangi ya kijani au nyekundu mimi siziruhusu kabisa kwa mtu anayejifunza, kwa sababu rangi inakwambia hali ilivyo sasa hivi na wewe unataka kujua itakuwaje ukifika. Zoea maandishi ghafi, ndiyo utakayokutana nayo kwenye mtihani na ndiyo yanayotoka kwenye printa ya ndege kubwa.

Hatua ya 1: Saa

Kila kitu kiko kwenye UTC, saa moja ya pamoja ya dunia nzima, ndiyo ile herufi Z. 121225Z ni tarehe 12, saa 12:25, na saa hizi zinahesabiwa toka usiku wa manane, sio saa za Kiswahili. Angalia kwanza ripoti ina umri gani, METAR hutoka kila saa au kila nusu saa. Ikiandikwa SPECI ujue kuna kitu kimebadilika hawakusubiri muda wa kawaida, hiyo isome kwa makini.

Hatua ya 2: METAR

Mfano nimeutunga mwenyewe, EHAM ni Amsterdam:

METAR EHAM 121225Z 24017G29KT 210V270 6000 -SHRA FEW012 BKN020TCU 14/11 Q1004 TEMPO 4000 SHRA BKN012

Upepo unatoka nyuzi 240 kwa noti 17 (maili 17 za baharini kwa saa) na unapiga vishindo hadi 29, mwelekeo unayumba kati ya 210 na 270. Unaona mita 6000 (ingekuwa 9999 ni kilomita 10 au zaidi). Mvua nyepesi ya kupita. Mawingu: FEW yamefunika sehemu 1 hadi 2 kati ya 8 za anga, SCT 3 hadi 4, BKN 5 hadi 7, OVC zote 8, na tarakimu zinazofuata ni mamia ya futi, kwa hiyo BKN020 ni futi 2000. TCU ni wingu linalopanda kwenda juu na linaweza kuja kuwa CB, lile la radi. Joto nyuzi 14, kiwango cha umande (dew point) 11, mgandamizo hektopaskali 1004. Hiyo TEMPO ya mwisho ni matarajio ya saa 2 zijazo, wakiona hakuna la kubadilika wanaandika NOSIG. Ukisoma ya Marekani utakuta umbali wa kuona uko kwa maili, mfano 10SM, na mgandamizo kwa inchi za zebaki, A2992 ni 29.92.

Mawili ya kushika hapa. La kwanza, CAVOK haimaanishi anga ni jeupe. Inamaanisha unaona kilomita 10 au zaidi, hakuna wingu chini ya futi 5000 (au chini ya mwinuko wa usalama wa sekta kama huo uko juu zaidi), hakuna CB wala TCU, na hakuna mvua wala kitu kingine cha hali ya hewa cha kukusumbua. Juu ya hapo anga linaweza kuwa limefunikwa lote.

La pili, urefu wa mawingu unapimwa toka usawa wa kiwanja, sio toka usawa wa bahari. Denver iko futi 5434, kwa hiyo BKN020 ya pale altimita yako (kipimo cha urefu) ikiwa kwenye mgandamizo wa METAR utaingia winguni ikisoma kama 7400 na kitu. Kwenye viwanja vya pwani huoni tofauti, ndio maana watu wanasahau.

Hatua ya 3: Upepo unaousoma na upepo unaousikia

Upepo wa METAR na TAF umepimwa kwa kaskazini halisi. Upepo wa ATIS (rekodi ya redio ya taarifa za kiwanja) na wa mnara wa kuongozea ndege ni wa kaskazini ya sumaku, na namba ya njia ya kurukia nayo ni ya sumaku. Mahali ambapo tofauti ni nyuzi 1 au 2 achana nayo, lakini chukua sehemu ambayo sumaku imekengeuka nyuzi 14 kwenda magharibi. METAR inasema 240, kwa sumaku hiyo ni 254. Kama unatua njia 21 (yaani nyuzi 210), ukipiga hesabu kwa 240 unapata pembe ya nyuzi 30 na vishindo vya 29 vinakupa upepo wa ubavuni wa noti 14 na nusu. Kwa 254 pembe ni 44, ubavuni unapata noti 20. Kwa ndege ndogo nyingi hiyo ndiyo tofauti ya kutua na kutafuta kiwanja kingine. Na ATIS hata ikikujia kwa maandishi kupitia datalinki bado upepo wake ni wa sumaku.

Hatua ya 4: TAF, hapa tulia

TAF EHAM 120500Z 1206/1312 22010KT 9999 SCT030
BECMG 1208/1210 24018G28KT
TEMPO 1210/1216 4000 SHRA BKN012
PROB30 TEMPO 1212/1216 2000 TSRA BKN010CB
BECMG 1218/1220 20008KT
BECMG 1302/1305 3000 BR BKN006

Kabla ya yote: 1206 sio saa 12 na dakika 6. Ni tarehe 12, saa 06:00. Makundi yote ya tarakimu nne yenye mkwaju katikati ni tarehe na saa bila dakika. Ukiacha saa ya kutolewa pale juu, dakika utaziona kwenye FM tu, mfano FM121430 ni tarehe 12 kuanzia 14:30. Na ukikuta 1224 usishtuke, huo ni mwisho wa tarehe 12, kundi linaloanza muda huohuo linaandikwa 1300.

Sasa chora mstari mrefu kwenye karatasi, weka alama za saa kuanzia 06 ya tarehe 12 hadi 12 ya tarehe 13. Juu ya mstari andika hali ya msingi, chini ya mstari andika vya muda tu. BECMG na FM zinakaa juu, TEMPO na PROB zinakaa chini, na hazichanganywi kamwe. Hili ndilo lililomfungua yule mwanafunzi.

BECMG inabadilisha kile ilichokitaja peke yake. Ile ya kwanza imetaja upepo basi, kwa hiyo 9999 na SCT030 vinaendelea kama vilivyokuwa. Yule mwanafunzi alikuwa akifika hapo anasema hakuna taarifa ya mawingu, wakati ipo, imerithiwa toka mstari wa kwanza. FM yenyewe ni tofauti, inafuta kila kitu na kuanza upya, ndio maana baada ya FM utakuta upepo, umbali na mawingu vyote vimeandikwa. TAF za kiraia za Marekani zinatumia FM mahali ambapo wengine wangeweka BECMG, kwa hiyo aliyejifunzia huko akija kusoma za kwingine anateleza hapahapa.

Halafu saa za BECMG. 1208/1210 maana yake mabadiliko yanatokea wakati wowote kati ya 08 na 10, na baada ya 10 hali mpya imeshakaa. Ndani ya hayo masaa mawili hujui uko upande gani, kwa hiyo fanya hivi na usibishane nayo: hali ikiwa inaharibika, hesabu imeharibika toka mwanzo wa kipindi, ikiwa inatengemaa, hesabu imetengemaa mwisho wa kipindi. Upepo mkali unauhesabu toka 08. Ule wa kutulia wa 1218/1220 unauamini kuanzia 20, sio 18. Ukungu mwepesi, yani BR na mawingu ya futi 600, unauhesabu toka saa 02 ya tarehe 13.

TEMPO ni vipindi vinavyokuja na kuondoka, kila kimoja chini ya saa moja, na vyote vikijumlishwa havifiki nusu ya muda uliotajwa. Hali ya msingi inabaki ileile. PROB ni 30 au 40 tu. Watu wanaona asilimia 30 wanasema ndogo, wanaiacha, mimi ikiwa na TS (radi) au CB ndani yake nabeba mafuta ya ziada ya kusubiri au ya kwenda kwingine, maana kwa radi kipindi kimoja tu kinatosha kukufungia kiwanja.

Jaribu sasa, unafika saa 13:00 ya tarehe 12. Juu ya mstari una 24018G28KT 9999 SCT030. Chini una mita 4000 na mvua ya kupita na BKN012 kwa vipindi, na chini yake tena radi, mita 2000, BKN010CB kwa uwezekano wa 30. Ukifika saa 03:00 ya tarehe 13 una 20008KT, mita 3000, BKN006, na chini ya mstari hakuna kitu. Ukiweza kutoa majibu haya mawili bila kuangalia hapa, TAF umeimaliza.

Hatua ya 5: ATIS

Hii ni rekodi inayozunguka kwenye masafa yake, na kila toleo lina herufi, Alfa, Bravo na kuendelea. Andaa safu kabla hujaifungulia: herufi, saa, aina ya kukaribia kutua, njia inayotumika, hali ya njia, kiwango cha mpito (pale unapobadili mgandamizo wa altimita ukishuka), upepo, umbali, mawingu, joto na umande, mgandamizo. Sikiliza mara ya kwanza bila kufukuzana na kila neno, nasa herufi, njia na mgandamizo, mzunguko wa pili jaza vilivyobaki. Ukisikia njia imesomwa kwa tarakimu tatu mfano 5, 5, 5, hizo ni alama za hali ya uso wa njia kwa kila theluthi, kuanzia 6 ambayo ni kavu hadi 0 ambayo haifai kabisa, utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ulioanza Novemba 2021.

Isikilize ukiwa bado mbali, kabla ya kuanza kushuka, mikono ikishakuwa na kazi utaikosa. Ukiwaita waongoza ndege mara ya kwanza taja herufi uliyonayo. Wakikujibu kwamba sasa ni herufi inayofuata, usikisie kilichobadilika, ifungulie tena au waombe mgandamizo na upepo hapohapo, kwa sababu hektopaskali moja tu uliyokosea inakusogeza karibu futi 30.