SOMO: Miche ya nyanya na hoho kuoza shingo kitaluni (kinyausi)

Kila mvua za Novemba zikianza, swali ni lile lile: "Miche imelala, nipige dawa gani?" Nimechoka kuliandika jibu upya kila mara, kwa hiyo liko hapa. Dawa iko mwishoni, na imekaa huko makusudi.

Kwanza mjue adui. Kinyausi ni jina moja, wanaokileta ni wengi. Ng'oa mche taratibu, osha mizizi, kisha bana mzizi mmoja kwa kidole gumba na cha shahada, vuta. Ngozi ikivuka kama soksi ukabaki na kiuzi chembamba mkononi, huyo ni Pithiamu, kimelea mpenda maji. Shina likisinyaa na kuwa kahawia usawa wa udongo kama limekazwa na waya, wakati mizizi ya chini bado mizima, mara nyingi huyo ni Rizoktonia, kuvu wa udongoni. Yeye hahitaji udongo uloe chapachapa. Dawa ya mmoja siyo ya mwenzake.

Hatua ya 1: Udongo. Madebe 3 ya udongo wa juu wa msituni, 2 ya samadi iliyooza hadi haina harufu, 1 la mchanga wa mtoni. Chekecha. Udongo wa matuta ya zamani ya tumbaku uache huko huko: tumbaku, nyanya na hoho ni ukoo mmoja, na minyoo fundo wao (minyoo midogo inayotia mizizi mafundo) ni wale wale. Udongo wa kichuguu nao unasifiwa sana hapa Tabora, lakini ni mfinyanzi. Kwenye trei unashika maji, ukikauka ni tofali.

Hatua ya 2: Kuua vimelea kwa mvuke. Hapa ndipo nilipoharibu, na ndipo wengi mnapoharibu. Chukua pipa lililokatwa nusu, weka maji kina cha sentimita 10, juu yake chekeche la chuma lililoinuliwa lisiguse maji, kisha udongo ulio na unyevu kidogo. Funika kwa gunia bichi. Katikati ya udongo fukia kiazi kibichi chenye ukubwa wa yai. Mvuke ukishapanda hadi juu, endelea na moto wa wastani. Kijiti kikipenya kiazi bila kulazimisha, toa moto. (Kiazi usile, kimeiva na samadi.)

Makosa ni mawili. La kwanza ni kuzidisha moto kwa kudhani ndiyo usalama: udongo uliopikwa kupita kiasi unatoa amonia na manganizi kiasi cha kuunguza mizizi ya mche mchanga. La pili ni baya zaidi, nalo ni kuchanganya samadi BAADA ya mvuke. Udongo uliotoka kwenye pipa karibu hauna kitu hai, hata wale wadudu wadogo wanaomzuia Pithiamu wengi wamekufa. Ukiurudishia Pithiamu kidogo tu, kwa samadi, kwa jembe chafu au kwa kuumwaga udongo chini upoe, anaenea bila mpinzani na unapata hasara kuliko ambaye hakuchemsha kabisa. Samadi ichemshwe pamoja na udongo. Poozea kwenye turubai safi.

Asiye na kuni atumie jua: lowesha tuta, funika kwa nailoni inayopitisha mwanga, zika kingo zote, acha wiki 4 hadi 6 wakati wa kiangazi.

Hatua ya 3: Trei. Jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9, loweka dakika 30, suuza, kausha.

Hatua ya 4: Panda mbegu kina cha sentimita 1, moja kila tundu.

Hatua ya 5: Maji. Asubuhi tu. Inua trei: ikiwa nyepesi, mwagilia, ikiwa nzito, iache hata kama juu pamekauka. Trei zikae juu ya kichanja, zisiguse ardhi. Maji ya lambo yanabeba Pithiamu, ya bomba au kisima kilichofunikwa ni bora.

Hatua ya 6: Ikishaanza. Ondoa iliyolala pamoja na inayoizunguka hata kama inaonekana mizima, choma. Simamisha maji, fungua pande za banda upepo upite. Pithiamu: dawa yenye metalaksili, umwagie shingoni kwa kipimo cha lebo. Rizoktonia: metalaksili haimgusi, tafuta yenye azoksistrobini. Mche ambao shingo imeshaoza haurudi.

MASWALI

Kijana wa Nzega: Mkuu miche yangu inakufa, nipe jina la dawa haraka.
Jibu: Umebana mzizi?
Kijana wa Nzega: Sijasoma yote mkuu, niko shambani.
Jibu: Mizizi nayo iko shambani. Bana, kisha uje.

Mama Kitalu, Sikonge: Shikamoo mwalimu. Hoho zangu ziko kwenye ndoo, zina miezi miwili, shina linaoza chini. Nyanya za jirani, udongo ule ule, hazina shida. Kwa nini?
Jibu: Marahaba mama, swali zuri. Ulipohamisha, ulizifukia shina kama nyanya? Nyanya ukiizamisha inatoa mizizi kwenye shina. Hoho haina tabia hiyo, shina lililofukiwa linakaa bichi hadi linaoza. Ipande kina kile kile ilichokuwa nacho kwenye trei, na matandazo yakae mbali na shina vidole vitatu. Angalia pia kama ndoo ina matundu chini. Moja halitoshi, toboa matano.
Mama Kitalu, Sikonge: Nilizifukia kweli. Ahsante.

Mkulima Urambo: Mimi nachemsha udongo miaka yote na bado inakufa. Hii njia haifanyi kazi.
Jibu: Unapoozea wapi?
Mkulima Urambo: Namwaga pembeni ya banda.
Jibu: Chini?
Mkulima Urambo: Sawa, nimeelewa.

Bi Hoho, Uyui: Yangu inanyauka ikiwa kijani kabisa, shingo nzima, mizizi mizuri.
Jibu: Kata shina juu kidogo ya udongo, lishikilie kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni mnyauko bakteria. Hauna dawa. Ng'oa, choma, na hapo usirudishe nyanya, hoho, bilinganya wala viazi mviringo.

Kijana wa Nzega: Nimebana. Ngozi imevuka. Kuna na vinzi vyeusi vinaruka juu ya udongo.
Jibu: Pithiamu, basi. Fuata hatua ya 6. Vinzi ni dalili ya maji mengi, na mabuu yao yanakula mizizi. Paka grisi kwenye kifuniko cha ndoo cha njano, kisimamishe katikati ya trei, vitanasa. Na tandaza mchanga mkavu nusu sentimita juu ya udongo, havitagi pakavu.