Kumpima stajeni wa Mto Wolf na kumrudisha salama

Hapa Wisconsin, Marekani, tunasubiri majira ya kuchipua, maji yafike kama nyuzi 12 za Selsiasi. Ndipo stajeni, samaki wakubwa wa maji baridi, wanapopanda kutoka Ziwa Winnebago kuja kutaga kwenye mawe ya kingo. Husogea karibu mno na nchi kavu, wavu wa mpini mrefu unatosha. Kibali cha utafiti kiwe mkononi.

Loanisha mikono na machela kwanza, maana ute wa ngozi ndio kinga yake. Mbebeni watu wawili. Vidole visiguse matamvua, na asining'inizwe kwa mkia hata kidogo.

Kabla ya lolote, pitisha mwili mzima kifaa cha kusoma chipu, yaani kidude chenye namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya samaki. Mimi hurudia mara mbili, kwa sababu samaki mwenye namba ya zamani ni hazina: anakuonyesha amekua kiasi gani na amerudi baada ya miaka mingapi. Jike huchukua zaidi ya miaka 20 kukomaa, kisha hupumzika miaka kadhaa kati ya kutaga na kutaga. Ukiikosa namba yake leo, utamsubiri sana.

Hana chipu? Mdunge moja chini ya ngozi, karibu na pezi la mgongo. Pima urefu hadi panapogawanyika mkia. Minya tumbo taratibu: shahawa ni dume, mayai meusi ni jike.

Wengine hukata kipande cha pezi la kifuani wahesabu pete za umri. Kwa wazee siafiki. Pete za nje hubanana na hesabu hupungukiwa.

Mrudishe akielekea mkondo, umshikilie mpaka aondoke kwa nguvu zake.